Mwacheni mzee akimbie

Ndugu Mhariri,

Toleo lenu la Jumamosi iliyopita lilikuwa na makala ya kuwashauri wanaume waliovuka miaka 50 waachane na mbio. Hoja yenyewe ni kwamba moyo ni kama betri ya tochi: umepewa mapigo yake ya kuhesabika, ukiyatumia haraka yanakwisha mapema. Nilifundisha hesabu miaka 33, kwa hiyo nilipomaliza kusoma nikatafuta kalamu.

Mtu asiyefanya mazoezi, tuseme moyo wake unadunda mara 75 kwa dakika akiwa ametulia. Kwa siku nzima ni mapigo 108,000, na hapo sijamhesabia ngazi wala kukimbizana na daladala. Sasa chukua mkimbiaji wa umri uleule, ambaye akitulia ana mapigo 55. Mpe saa nzima ya mbio kwa mapigo 140, na saa 23 zilizobaki kwa 55. Jumla ni 84,300. Kama mapigo ni akiba, mfujaji ni nani?

Mimi mwenyewe nikitulia nina mapigo 52. Mwaka jana nilikwenda zahanati kwa ajili ya goti, muuguzi akanishika mkono, akatazama saa yake, akanishika tena. “Baba, huwa unazimia?” Nikamwambia sijawahi, ila huwa nakimbia. Hakuridhika mpaka daktari aliponiona, na alifanya vizuri, maana mapigo ya chini kwa mzee mwingine huwa ni ugonjwa. Niko kwenye klabu ya jogingi hapa Mbagala huu mwaka wa tisa. Saa kumi na moja na nusu alfajiri tuko barabarani na ngoma yetu na nyimbo za mchakamchaka (majirani watuwie radhi).

Kwamba moyo unazeeka, sibishi. Ukuta wa chumba cha chini cha kushoto, kile kinachosukuma damu mwili mzima, hukakamaa kadiri miaka inavyokwenda. Ukishakakamaa haulegei vya kutosha kati ya pigo na pigo, basi damu inayoingia inapungua. Mishipa mikubwa nayo hupoteza mnepo. Mapigo ya juu kabisa ambayo moyo unaweza kuyafikia hushuka karibu pigo moja kila mwaka, na hapo hata bingwa haponi.

Ila sehemu kubwa ya tunachokiita uzee ni kiti. Mwaka 1966 huko Dallas, Marekani, watafiti waliwalaza kitandani vijana watano wenye afya, wa miaka 20 hivi, kwa wiki 3. Uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulishuka kwa zaidi ya robo. Miaka 30 baadaye wakaitwa tena walewale watano, safari hii na vitambi vyao. Miaka yote hiyo haikuwa imewashusha kama zile wiki 3 za kitanda. Wakafanyishwa mazoezi kidogokidogo kwa miezi 6, na uwezo ule ukarudi ulipokuwa ujanani kabla ya kulazwa.

Hukohuko Dallas, utafiti uliotoka mwaka 2018 ukiongozwa na daktari Benjamin Levine uliwachukua watu wa miaka 45 hadi 64 waliozoea kukaa tu. Kwa miaka 2 walifanya mazoezi siku 4 au 5 kwa wiki, nyingine nyepesi, nyingine za kutweta. Ukuta wa moyo uliokuwa umeanza kukakamaa ukalainika. Awali walijaribu na watu waliovuka miaka 65, mwaka mzima: pumzi iliongezeka, ukuta ukabaki vilevile. Kwa hiyo mtu wa miaka 50 anayeambiwa akae anapotezewa ile miaka hasa ambayo moyo bado unasikia.

Mbio zina hatari zake. Kule Sweden kuna mashindano ya kuteleza kwenye theluji kilomita 90, yanaitwa Vasaloppet. Wachunguzi walipowafuatilia washiriki zaidi ya 52,000, walioshiriki mara nyingi zaidi na waliokuwa na kasi zaidi ndio walioongoza kwa mapigo yanayokwenda ovyo, ambayo kwa kawaida huanzia vyumba vya juu vya moyo. Lakini hao ni watu wa kushindana miaka na miaka, si sisi wa kilomita 6 na chai ya maandazi.

Anayenitia hofu zaidi ni yule aliyekimbia mara ya mwisho akiwa JKT, akapewa fulana ya bonanza Ijumaa, Jumapili yuko kwenye kilomita 21. Marekani, kati ya washiriki milioni 10.9 wa marathoni na nusu marathoni kuanzia 2000 hadi 2010, mioyo ilisimama kwa watu 59. Ni wachache sana, lakini wengi wao walikuwa wanaume.

Tunaye mwenzetu, fundi seremala wa miaka 64. Kila tukipanda mwinuko kifua kinambana, tukisimama kinaachia. Yeye akasema ni gesi, akawa anatafuna tangawizi. Tulimsindikiza hospitali karibu kwa nguvu, akakutwa na mshipa wa moyo uliobanwa. Ametibiwa, na daktari amemruhusu kutembea tu kwanza.

Naomba basi makala ijayo iwaambie wasomaji wenye umri wetu wapime presha, sukari na umeme wa moyo, waanze kwa kutembea, na kifua kikibana wasimame waende hospitali. Mwandishi wenu naye karibu Jumapili. Tunaanzia Rangi Tatu, na asihofu kuachwa: fundi yuko nyuma anatembea, ndiye aliyebeba maji.

Mwalimu mstaafu,
Mbagala, Dar es Salaam