Kutofungamana si kunyamaza: kura zetu nje ya nchi zielezwe bungeni

Ndugu Mhariri,

Nina mjukuu anayesoma darasa la saba. Juzi jioni aliniletea daftari lake la Uraia na Maadili nimsikilize anavyojiandaa na mtihani. Swali moja liliuliza maana ya siasa ya kutofungamana na upande wowote. Alikuwa amejibu hivi: "Ni nchi kukaa kimya wakubwa wanapogombana." Pembeni kulikuwa na vema ya kalamu nyekundu.

Sikumlaumu mtoto, wala mwalimu wake. Nimefundisha historia kwa zaidi ya miaka thelathini hapa Morogoro, na nikijiuliza huyo mwalimu kijana angejuaje kwamba jibu ni jingine, nashindwa kumlaumu. Kufundisha kwake kunafuata anachokiona. Ndiyo maana naomba nafasi katika gazeti lako.

Sisi tuliolelewa na siasa hiyo hatukuijua kuwa ni ukimya. Mwanzoni mwa mwaka 1965 Muungano wetu ulikuwa haujatimiza hata mwaka. Serikali ya Bonn, yaani ya Ujerumani Magharibi, ilitaka tusiwape Wajerumani wa Mashariki hata ofisi ya konseli Dar es Salaam. Serikali yetu ikairuhusu ofisi hiyo, bila kuitambua Ujerumani Mashariki kama dola. Bonn ikakata msaada wa kijeshi na kuwaondoa wakufunzi waliokuwa wakiwafundisha marubani wetu. Mwalimu Nyerere akawaambia wachukue na misaada yao mingine yote ya kiserikali. Tulikuwa maskini kuliko leo.

Mwaka huohuo, Novemba 11, Ian Smith na walowezi wenzake walijitangazia uhuru wao Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe na wakati huo ilikuwa koloni la Uingereza. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaazimia kwamba Uingereza isipoukomesha uasi huo kufikia Desemba 15, wanachama wote wavunje uhusiano wa kibalozi na Uingereza. Siku ilipofika, nchi zilizotekeleza azimio hilo zilikuwa tisa tu, Tanzania ikiwamo. Mkopo wa pauni milioni 7.5 tuliokuwa tumeahidiwa na Waingereza ukaishia hapo.

Jambo ninalotaka wasomaji walitazame kwa makini ni lililotokea siku moja kabla. Desemba 14, Nyerere alikwenda bungeni akaeleza kwa kirefu kwa nini nchi inachukua hatua hiyo na hasara yake itakuwa ipi. Wabunge waliijua bei kabla haijalipwa. Aprili 1968 Tanzania ilipoitambua Biafra, eneo lililojitenga na Nigeria, serikali ilitoa tamko la sababu zake, na kabla mwezi haujaisha Rais mwenyewe alikuwa ameandika makala katika gazeti la London kujitetea. Unaweza kusema alikosea, na wapo wengi wanaosema hivyo hadi leo. Lakini huwezi kusema hukuambiwa kwa nini.

Kwetu hapa Morogoro siasa ya nje haikuwa jambo la mabalozi peke yao. Mwaka 1977 serikali iliwapa wapigania uhuru wa Afrika Kusini shamba la mkonge lililochakaa pale Mazimbu, nao wakajenga shule. Waliiita kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana wa miaka 22 aliyenyongwa Pretoria mwezi Aprili 1979. Vijana wa Mazimbu walikuwa wakija kucheza mpira na wanafunzi wetu. Kuna mechi moja sitaisahau. Mwenzetu mmoja alileta mpiga picha kutoka mjini, na timu ilipopangwa mstari, wageni wote waligeuza nyuso kwa pamoja, kama waliohesabiwa moja, mbili, tatu. Kipa wao akaniambia kwa Kiswahili cha kubabaisha kwamba picha ikifika kwao, mama yake atapata taabu. Nilikuwa nimemzoea kwa jina. Siku ile ndipo nilipojua kwamba hata jina lile halikuwa lake.

Januari 1981 makaburu waliingia Matola, nje kidogo ya Maputo, wakawaua wapigania uhuru kwenye nyumba walimokuwa wakiishi. Habari hiyo ilipofika hapa kila mtu alielewa kwamba waliofika Matola wanaweza kufika na Mazimbu. Hakuna jirani niliyemsikia akisema wageni waondoke. Watu walikuwa wameelezwa, kwenye mikutano, redioni na madarasani, hawa ni nani na wako kwetu kwa nini. Leo pale ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Makaburi ya waliofia ugenini bado yapo, na nimeshamwahidi mjukuu wangu kumpeleka.

Sasa niseme kinachonikera. Machi 2, 2022, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kuhusu uvamizi wa Urusi nchini Ukraine. Nchi 141 ziliunga mkono azimio la kuulaani, 5 zikapinga, 35 zikajizuia. Tanzania ilikuwa miongoni mwa hizo 35. Inawezekana kabisa kwamba kujizuia kulikuwa sahihi. Hata mimi naweza kutaja sababu mbili tatu za maana. Lakini hizo zitakuwa sababu zangu, nilizojitungia kibarazani kwangu. Za serikali yangu nilizisubiri bungeni, nikasubiri redioni, sikuzisikia. Miezi michache baadaye bei ya petroli ilikuwa imepaa mpaka serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi, na wakulima huku Morogoro walikuwa wanaushangaa mfuko wa mbolea kwa bei yake. Vita ile iliingia hadi shambani kwetu. Msimamo wetu juu yake haukufika.

Najua nitaambiwa kwamba diplomasia ina siri zake na kwamba nyakati zimebadilika. Siri ya mazungumzo naikubali. Hakuna anayetaka barua za mabalozi zibandikwe ukutani. Kura ya Baraza Kuu si siri. Inaonekana ubaoni mbele ya dunia nzima, na kila balozi aliyemo ukumbini anaisoma. Asiyeisoma ni Mtanzania ambaye kura hiyo imepigwa kwa jina lake. Kuhusu nyakati, ni kweli tangu sera ya mwaka 2001 tunafuata diplomasia ya uchumi, nami siibezi. Mkono mtupu haulambwi. Barabara, masoko na mitaji vinatafutwa kwa kuzungumza na kila mtu. Ila anayezungumza na kila mtu ndiye anayepaswa kuwa mwangalifu zaidi kuwaeleza wa nyumbani kwake anasimama wapi, maana wasipoelezwa watadhani ameshanunuliwa.

Tena gharama za misimamo yetu bado zinalipwa na watu wa kawaida. Desemba 2017 walinzi wetu wa amani wasiopungua 14 waliuawa katika shambulio moja kule Kivu Kaskazini. Wana mama zao, wana wake na watoto. Familia hizo zina haki ya kusikia kwa Kiswahili kilichonyooka kazi yetu Kongo ni ipi na mipaka yake ni ipi. Na hapo ndipo naona pengo kubwa. Mei 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua toleo jipya la Sera ya Mambo ya Nje, na kukieneza Kiswahili duniani ni mojawapo ya mambo yaliyoongezwa. Nilifurahi kwa dhati. Lakini lugha tunayotaka dunia iitumie ndiyo hiyohiyo ambayo hatujaitumia kuwaeleza wenyewe wenye lugha tunachofanya duniani.

Ninachoomba ni kidogo na hakina gharama. Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba ya kimataifa inayohitaji kuridhiwa. Kura tunazopiga kwenye Umoja wa Mataifa na Umoja wa Afrika hazimo humo, na sisemi ziombewe ruhusa kabla ya kupigwa. Nasema zielezwe baada ya kupigwa. Waziri wa Mambo ya Nje anapowasilisha bajeti yake kila mwaka, hotuba iambatane na orodha ya kura zote nzito za mwaka uliopita: azimio lilihusu nini, tulipigaje, na aya moja ya sababu. Tulipojizuia, tuseme kwa nini tulijizuia. Wabunge waulize maswali, magazeti kama hili lako yachapishe, na walimu wapate cha kufundishia badala ya kubahatisha.

Bunge la bajeti huanza Aprili. Muda wa kuandaa orodha hiyo upo.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro