Vijana wa sanaa, acheni kusema watu hawaelewi

Vijana wangu wa Kisenyi na nyie wenzao wa Makerere, hamjambo. Mimi ni mzee wenu mchora mabango, zile picha za vinyozi na bucha huku Katwe, Kampala, nyingi ni mkono wangu. Nimeona vile mnalalamika eti watu wa mtaani hawaelewi sanaa, na kwa vile mmelalamika hadharani basi na mimi nawajibu hadharani.

Ile picha kubwa mliyochora juu ya lubugo, kile kitambaa cha gome la mti, yule mama wa samosa alisimama mbele yake akauliza, "Nani amekufa?" Mkacheka. Kwani mlicheka nini? Mama kasoma vizuri kabisa! Hapa Buganda lubugo ndio wanamfungia marehemu, sasa wewe unatundika pande zima ukutani, katikati unaweka sura ya mtu amefumba macho, halafu unataka mama asome "urithi wetu". Najua UNESCO, wale wa utamaduni wa Umoja wa Mataifa, waliitangaza 2005 kuwa urithi wa binadamu na 2008 ikaingia kwenye orodha yao, ni sawa, lakini mama hajui mambo ya orodha, yeye anajua matanga aliyokaa. Na hiyohiyo lubugo inavaliwa siku ya kumtawaza Kabaka, mfalme wetu wa Buganda, ya wakubwa ilikuwa inatiwa rangi nyeupe au nyeusi na walikuwa wanaifunga kivyao, sio kama mtu wa kawaida. Mngemuuliza hata fundi mmoja wa huko Masaka, wale wanaobandua gome la mti wa mutuba na kuligonga kwa nyundo za mbao mpaka linalainika, angewaambia yote hayo kabla hamjagusa brashi. Nyie mlinunua tu lubugo dukani mkaanza kupaka.

Mnapenda sana kusema sanaa ni lugha. Sawa, lakini hiyo lugha mmeikuta, ina wenyewe, wameiongea miaka na miaka kabla yenu na hawawezi kusahau wanachokijua eti kwa sababu nyie mmekuja na maana mpya.

Na msidhani aliyesoma ndio anaelewa kuliko wote. Peleka mtu wa digrii wa Kampala huko Mbale kwa Wagisu, mwaka wa imbalu, ile tohara yao ya vijana, akisikia ngoma ya kadodi atakata kiuno tu maana huku mjini kadodi anaijua ya kampeni na sherehe za graduesheni, lakini Mgisu aliyesimama hapo pembeni anaangalia yule kijana aliyepakwa unga, anajua yuko njiani kwenda kukatwa, anamsoma uso kama ana woga. Ngoma moja hiyo, na wa digrii ndio hajaelewa kitu.

Mkitaka mfano mzuri nendeni pale mjini kwenye sanamu ya Uhuru, ya 1962, ya Gregory Maloba aliyekuwa Makerere hukohuko kwenu. Mama amefungwafungwa mikanda, anamnyanyua mtoto juu, mtoto naye kainua mikono. Hata mtu wa kijijini ambaye hajaingia galari hata siku moja anakuambia huyu mtoto ametoka kwenye shida, na hakuna aliyemsomea kibandiko. Kila mtu anajua kumbeba mtoto, Maloba alianzia hapo. Tena iko kwenye noti zetu, mnaitumia kila siku kulipa boda.

Sasa maonyesho yajayo fanyeni hivi. Mmoja wenu akae nyuma ya watu, asiseme yeye ndio mchoraji, asikilize tu wanavyoongea. Msimkatize mtu. Akisema kitu ambacho hamkukitaka muulizeni ameona nini hasa, ni rangi, ni kitambaa, ni vile mkono umekaa, kisha muamue wenyewe kama mnabadilisha au mnaacha, maana pengine alichoona yeye ni kizuri kuliko mlichokusudia (mimi imenilipa hiyo mara nyingi kwenye mabango). Na vile vibandiko vya Kiingereza kirefu vya "dhana" na "simulizi" toeni, wekeni Luganda na Kiswahili mistari miwili mitatu, herufi kubwa, wazee hatuoni.