Msimfute Bibi: barua kwa wajukuu zangu wanaoandika nasaba

Wajukuu zangu wa kamati ya nasaba, na ninyi mlio mbali mnaoifuata kazi hii kwa simu,

Assalaam alaikum. Rasimu yenu niliipata Jumamosi, nikaisoma barazani mpaka adhana ya magharibi. Mmehangaika, na Mungu awalipe. Lakini nilipofika kwa mama mzazi wa babu yangu nikakuta pengo. Katika lile daftari la jalada la buluu nililowaazima jina lake lilikuwamo. Sasa limepakwa ile rangi nyeupe ya kufutia. Nimeikwangua kwa ukucha, zimetokea herufi mbili tu za mwanzo.

Sababu naijua. Aliletwa hapa Pangani kutoka bara, mtoto mdogo, akauzwa. Aliyefuta pengine aliwaogopa wakwe. Simtafuti. Naomba tu, kabla hamjampelekea mpiga chapa, mnisikilize habari za mkulima mmoja wa Marekani. Niliisomesha historia miaka mingi, na habari hizi hazijanitoka moyoni.

Newton Knight alilima Jones County, jimbo la Mississippi, nchi ya misonobari na mashamba madogo. Babu yake alikuwa na watumwa. Yeye hakuwa na hata mmoja. Mwaka 1858 alimwoa Serena. Vita vilipozuka mwaka 1861, majimbo ya kusini yakijitenga ili yaulinde utumwa wao, naye akaishia katika jeshi la kusini. Kisha Oktoba 1862 serikali ya kusini ikatunga sheria: penye watumwa 20 au zaidi, mzungu mmoja asamehewe jeshi akae kuwasimamia. Mwenye shamba la mahindi na watoto wadogo hakuwa na msamaha. Wake wakabaki kulima peke yao, na watu wa jeshi hilohilo wakawa wanapita kuchukua nafaka na wanyama.

Newton akatoroka, akarudi kwao. Mwaka 1863 majirani waliotoroka kama yeye wakamfanya kapteni wao, wakajificha kwenye vinamasi vya mto Leaf na kupigana na jeshi walilolikimbia. Waliitana kwa kupiga pembe. Mwaka uliofuata kanali mmoja alitumwa na askari na mbwa wa kunusa, na baadhi ya wenzake wakanyongwa. Katika siku hizo za kuwindwa, aliyewapelekea chakula na habari alikuwa Rachel, mtumwa katika mali ya ukoo wa Knight wenyewe.

Vita vikaisha mwaka 1865. Newton akapewa kazi ya kuwagawia chakula wenye njaa, na akatumwa kuwatoa watoto Weusi ambao mabwana walikuwa bado wamewashikilia. Rachel akahamia kwenye ardhi ya Newton, akamzalia watoto. Mwaka 1876 Newton alimwandikia Rachel ekari 160 kwa jina lake, jambo la nadra mno kwa mwanamke Mweusi wa Mississippi. Serena alikuwapo, palepale, na wanawe. Sina haja ya kumpamba bwana huyu; aliyoyabeba Serena moyoni ni mengi kuliko yaliyoandikwa. Watoto wa Serena wakaoana na watoto ambao Rachel alikuwa nao kabla ya Newton: Molly wa Serena akaolewa na Jeffrey wa Rachel, Mat wa Serena akamwoa Fannie wa Rachel. Rachel alifariki mwaka 1889. Newton alimfuata mwaka 1922, akazikwa karibu naye.

Sasa tazameni. Tom, mtoto wa Serena, alitoa kitabu cha maisha ya baba yake mwaka 1935. Baba shujaa, baba mtetezi wa wanyonge. Rachel hakumtia. Ndugu zake wa upande ule hakuwatia. Nadhani alidhani amewasitiri watu. Mwaka 1948 Davis Knight, kitukuu cha Rachel, akashtakiwa kwa kumwoa mwanamke mzungu, maana sheria ya Mississippi ilikataza. Jina ambalo halikutiwa kitabuni likaitwa mahakamani, mbele ya wageni, wapime damu ya bibi aliyelala kaburini karibu miaka 60. Na huyohuyo Tom, mzee sasa, akasimama kutoa ushahidi kwamba Rachel alikuwa Mweusi. Kijana akahukumiwa miaka mitano. Mahakama Kuu ya jimbo iliitengua hukumu mwaka 1949, lakini kwa ukoo mambo yalikuwa yameshakwisha kumwagika.

Nikiusoma ule mwaka wa 1922 hushtuka kila mara. Ndio mwaka sheria ya kuukomesha utumwa ilipotoka hapa Tanganyika. Babu yangu alikuwa mtu mzima tayari, ana mke na minazi yake. Msidhani ni mambo ya kale ya watu wengine.

Basi andikeni jina la bibi. Na mstari wake msiuandike "aliolewa na" kama wake wengine. Andikeni kwamba alinunuliwa, kisha akawa suria, kisha akazaa mtoto huru, ndiye babu yetu. Babu mkubwa naye mwandikeni kwamba ndiye aliyenunua. Najua hapo ndipo kalamu itakapokuwa nzito, kwa kuwa picha yake imetundikwa sebuleni kwa kila mmoja wenu. Picha ibaki ukutani. Maneno nayo yawe kwenye karatasi. Mwenye wakwe wa kuwaogopa anitumie mimi, nitakwenda kuongea nao, bado miguu inanibeba.

Njooni Ijumaa baada ya alasiri. Mje na daftari jipya, lile la zamani nabaki nalo. Jina lake alilopewa na mamake huko bara, kabla hajapewa la hapa, nililisikia kwa babu mara moja tu, nikiwa na miaka tisa, tukikuna nazi. Nitawatamkia polepole mlipate sawasawa.

Babu yenu,
Pangani