Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kazi za Gereji, Suala la Fremu na Hali ya Ada

Ndugu wajumbe wa Kamati Tendaji, ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu naomba kuwasilisha taarifa ya mwaka unaoishia ya chama chetu cha kufufua pikipiki za zamani. Shughuli za kawaida nitazipitia kwa haraka kwa kuwa nyingi mlizishuhudia wenyewe, au mlikuwa na nafasi ya kuzishuhudia.

Mafunzo ya kusafisha kabureta, kusuka njiti za ringi na kutoa kutu ndani ya tanki kwa asidi ya limau yalifanyika kama yalivyopangwa. Somo la platini, yaani swichi ndogo inayokata umeme ili plagi itoe cheche, lilirudiwa kwa maombi ya wanachama wapya, na sasa wengi wanaweza kuweka mwanya wa milimita 0.3 hadi 0.4 bila kuita fundi. Tulikumbushana pia kutopuliza vumbi la breki za zamani kwa kampresa, maana lainingi za miaka ile nyingi zilikuwa na asbesto. Sanduku la spana limeongezewa bisibisi za kiwango cha Kijapani, JIS. Nililipigania jambo hili tangu nilipoingia madarakani, kwa sababu skrubu za nyota za pikipiki za Kijapani zinafanana na za kawaida kwa macho tu. Bisibisi isiyo yake inapanda, inateleza na kula kichwa, halafu mwenye pikipiki anashinda siku nzima na tindo akihangaika na kifuniko kimoja cha injini. Malalamiko ya vichwa vilivyolika yamekwisha.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo limezungumzwa zaidi pembeni kuliko vikaoni: fremu, yaani mifupa ya chuma, ya pikipiki ya chama.

Kama mnavyojua, chama kilipokea Honda CB350 iliyokuwa imelala miaka mingi. Ni pikipiki ya silinda mbili, cc 325, ya aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1968 na kufikia ukomo 1973 kabla ya CB360 kushika nafasi yake. Ilikuja ikiwa na injini iliyokwama, tanki lenye kutu na waya zilizoliwa na panya, lakini fremu yake ilikuwa nzima: haijakatwa, haijachomelewa, namba yake shingoni inasomeka vizuri. Wanaoshughulika na pikipiki hizi wanajua hilo ni jambo adimu kiasi gani. Kila mwaka fremu nzima zinapungua, na hakuna kiwanda kinachozitengeneza tena.

Kundi moja la wanachama, nalo lina watu ninaowaheshimu kwa ufundi wao, lilitaka pikipiki igeuzwe kuwa ya mtindo wa mbio za mitaani uliovuma Uingereza miaka ya 1950 na 1960. Mpango wao ulikuwa kukata fremu nyuma ya mashikio ya shokapu na kuchomelea bomba la kupinda, kutupa kisanduku cha chujio la hewa, kuweka vichujio vidogo vya kuchomeka kwenye midomo ya kabureta, kisha kufunga usukani mfupi wa chini. Mstari wa kukatia ulikuwa umeshachorwa kwa chaki na grainda imeshachomekwa umeme. Nilisimamisha kazi hiyo, nikaihamishia fremu nyumbani kwangu.

Nimeambiwa kwamba nilitumia mabavu, kwamba nimeua ubunifu, na hata kwamba nimejimilikisha mali ya chama. Naomba nijibu yote matatu kwa utaratibu.

Kwanza utaratibu. Kura iliyopigwa kikaoni ilikuwa ya wanachama 8, na 5 kati yao waliunga mkono kukata. Rejista yetu ina wanachama 46. Akidi haikufika hata kwa mbali, kwa hiyo kisheria hapakuwa na uamuzi. Katiba inampa mwenyekiti wajibu wa kulinda mali ya chama katikati ya mikutano, na mimi nilitimiza wajibu huo. Kama wengine 38 wangehudhuria na kupiga kura ya kukata, ningeheshimu. Hawakuja.

Pili ufundi, maana hapa ndipo lilipo shina la jambo. Bomba za nyuma za fremu hii zinabeba kiti, madigadi na uzito wa abiria, na zimefungamana na eneo ambalo shokapu zinasukuma kila gurudumu linapogonga shimo. Anayekata hapo lazima aweke kipande cha bomba kwa ndani kabla ya kuchomelea, alinde unyoofu wa fremu wakati wa joto, na awe na mkono uliozoea chuma chembamba. Chama hakina mtu huyo. Tuna watu wanaojifunza, na ni jambo jema, ila fremu nzima ya CB350 si mahali pa kujifunzia kuchomelea. Rangi usiyoipenda utaipiga msasa na kiti kibaya utakifungua, lakini fremu iliyokatwa imekatwa moja kwa moja.

Kuhusu kisanduku cha hewa, naomba wanachama wanisikilize vizuri kwa sababu hapa mjadala ulikuwa wa jazba kuliko hoja. Kabureta za Keihin za pikipiki hii si za aina ambayo ukivuta mafuta waya unainua slaidi, yaani kizibo kinachopanda kupitisha hewa na mafuta, moja kwa moja. Waya unafungua kipepeo tu, yaani kibao kinachozunguka kwenye njia ya hewa. Slaidi inainuliwa na mvuto wa hewa kupitia utando mwembamba wa mpira ulio chini ya kifuniko cha juu. Utando huo ukitoboka hata tundu dogo la sindano, silinda ya upande huo inakuwa nzito. Utulivu wa hewa inayoingia ndio unaofanya mfumo mzima ukubali, na kazi ya kisanduku ni kuutunza utulivu huo. Ukikiondoa na kuweka vichujio vidogo, injini mara nyingi inaunguruma vizuri ikiwa imesimama, kisha inajikwaa katikati ya mwendo. Ndipo mtu anaanza kubadilisha jeti, vile vitundu vya kupimia mafuta, bila mwisho, akidhani ubovu uko kwenye kabureta. Pikipiki mbili za wanachama wetu zilizofungwa vichujio hivyo bado zinahangaika, na wenyewe wamenipa ruhusa ya kulisema.

Tatu, kuhusu kujimilikisha. Fremu ilikaa chini ya paa langu, kwa gharama zangu, ikafunikwa na kupakwa oili isishike kutu, wakati gereji ya chama ilikuwa inavuja. Nilichukua pia jukumu la injini. Pistoni zilizokwama zililowekwa kwa mchanganyiko wa asetoni na mafuta ya giaboksi otomatiki hadi zikaachia bila kupigwa nyundo. Silinda zilipanuliwa saizi moja, na pistoni na ringi zake mpya za saizi hiyo zikafungwa. Nilifungua kifuniko kidogo cha upande wa kulia na kusafisha chujio la oili linalofanya kazi kwa mzunguko. Ndani kulikuwa na tope jeusi, gumu, lililoganda ukutani, la kuchokolewa kwa kijiti. Wengi hawajui hata kwamba chujio hilo lipo, wanabadilisha oili na kufurahi. Leo injini inawaka kwa teke, silinda zote mbili zinafanya kazi, na haivuji.

Wala sikubali kwamba ubunifu umekufa. Kiti kipya cha mgongo mfupi kimejengwa juu ya sahani inayofungwa kwenye matundu yale yale ya kiwandani. Usukani ni wa chini, madigadi ya nyuma ni fupi, na ile ya asili imetunzwa stoo ikiwa na lebo. Wayaringi yote imesukwa upya na mwanachama wetu mmoja, kijana mtaratibu ambaye nampongeza kwa dhati. Alichora mchoro wake rangi kwa rangi kabla ya kukata waya hata mmoja. Kila tulichobadilisha kinaweza kurudishwa kwa spana. Huo ndio msimamo niliousimamia na nitaendelea kuusimamia.

Sasa hali ya chama, na hapa nasema kwa uchungu. Kati ya wanachama 46, waliolipa ada kamili ni 19. Waliolipa nusu ni 6. Waliobaki 21 hawajalipa chochote, na baadhi yao wanatumia kampresa na jeki ya chama kila wikendi. Mahudhurio ya vikao yalikuwa kati ya watu 7 na 12, isipokuwa siku ya kuwasha injini, tulipokuwa zaidi ya 30. Nilifurahi kuwaona, ila niliumia pia. Gasketi, ringi na platini zililetwa na wachache, na pale mfuko wa chama uliposhindwa nilijazia mwenyewe. Mweka hazina ana kumbukumbu. Watu wanaonilaumu kuhusu fremu ni vyema kwanza wakamtazame mweka hazina.

Kuhusu mwaka ujao, tunatarajia kupaka rangi tanki na vifuniko vya pembeni pindi mfuko utakaporuhusu. Kamati ina matumaini ya kupata nafasi ya gereji isiyovuja, na mazungumzo yanaendelea. Tungependa pia kuanzisha darasa la kuchomelea kwa kutumia vyuma chakavu, ili siku moja tuwe na watu wa kuaminika kwa kazi hiyo. Ikiwezekana, tutatafuta pikipiki ya pili, hata kama fremu yake imeshakatwa, na hiyo wenye hamu ya grainda wataipata kwa moyo mweupe.

Namshukuru katibu kwa kuandika mihtasari hata ya vikao vya watu 7, na mweka hazina kwa uvumilivu. Suala la fremu litakuwa ajenda ya nne ya mkutano mkuu. Wenye haki ya kupiga kura ni waliolipa ada, na risiti zinaendelea kukatwa hadi siku ya mkutano.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti