YAH: Kumfukuza mama yangu kwenye jakuzi mliyotualika kuijaribu, na kukataa kurudisha kianzio changu

Kwa Meneja Mkuu,

Nakuandikia kwa heshima, na naomba barua hii uisome wewe mwenyewe. Usiirudishe kitengo cha huduma kwa wateja, maana wao wameshanijibu mara tatu kwa sentensi ileile: "Suala lako linashughulikiwa." Masharti ya duka lenu unayajua kuliko mimi, sitayanukuu. Nitagusa moja tu, lile mlilolichapa kwa herufi kubwa kwenye jalada la katalogi: mteja ataingia kwenye jakuzi yenye maji, aijaribu, ndipo aamue.

Jumamosi ile, saa kumi jioni, kwa miadi mliyotupangia nyinyi wenyewe, mfanyakazi wenu alimwambia mama yangu mbele ya wateja wengine: "Bibi, shuka hapo. Hapa si bafu la watu wote." Mama ana miaka 71. Alikuwa amekaa tu kwenye ukingo wa jakuzi, taulo mapajani, akisubiri kuonyeshwa pa kubadilishia nguo.

Hilo ndilo lalamiko langu kubwa. Mengine yote yanafuata nyuma yake.

Hii ni jakuzi yetu ya kwanza. Hatukuja kwenu kutafuta anasa. Mama ana baridi yabisi, vidole na magoti, na asubuhi kufunga kifungo cha gauni kunamchukua muda mrefu. Daktari wake alikubali aingie kwenye maji ya moto kwa sharti kwamba joto lisizidi nyuzi 38, dakika 15, kisha atoke. Mimi ndiye niliyekaa kusoma kuhusu vyombo hivi usiku baada ya usiku. Nilisoma kwamba pampu ya kwanza ya bafu ya akina Jacuzzi, familia iliyovipa vyombo hivi jina, kule Marekani, ilitengenezwa kwa ajili ya mtoto wa familia hiyo aliyekuwa akiugua baridi yabisi. Nilimsomea mama habari hiyo na akafurahi sana. Alisema, "Kumbe kitu chenyewe kilianza na mgonjwa kama mimi." Sasa fikiria mgonjwa huyohuyo anakuja dukani kwenu na kuambiwa ashuke.

Nieleze kwa nini kujaribu kwenye maji lilikuwa jambo la lazima kwetu, kwa sababu muuzaji wenu alilichukulia kama tunaomba hisani. Modeli mliyotupendekezea ina kiti kimoja cha kulala. Mtu mwepesi akilala kwenye kiti cha namna hiyo, maji yanamnyanyua. Miguu inaelea, mgongo unaachana na jeti, yaani matundu yanayosukuma maji kwa nguvu, na badala ya kupumzika anahangaika kujishikilia. Mama ni mwepesi. Tena ni mfupi, na kina cha viti kinatofautiana kutoka modeli moja hadi nyingine: kiti kinachomfikisha mtu mrefu maji ya kifuani kinaweza kumfikisha yeye kidevuni. Pia nilitaka kuona kama vidole vyake vinaweza kushika nondo ya kushukia vikiwa vimelowa. Hayo katalogi haisemi. Mtu huyajua akiwa ndani ya maji, na nyinyi mnalijua hilo, ndiyo maana mkaliandika kwenye jalada.

Jakuzi tuliyoikuta ilikuwa kavu. Haikuwa na tone la maji. Ndani yake kulikuwa na maboksi mawili ya vipeperushi.

Na kianzio nilikuwa nimeshalipa wiki mbili kabla, asilimia 40 ya bei, kwa sababu niliambiwa kwenye simu kwamba bila kianzio sitapangiwa miadi ya kujaribu. Kwa hiyo nililipa ili nipate ruhusa ya kuamua kama ninunue. Nilipouliza kwa upole mkataba unasema nini nisipoipenda, nikajibiwa, "Utaipenda tu."

Nikueleze na majibu niliyopewa kwa maswali ya kawaida kabisa ya mtu anayenunua kwa mara ya kwanza. Niliuliza uzito. Jakuzi hiyo inabeba lita 1,400, na lita moja ya maji ni kilo moja. Ongeza chombo chenyewe, ongeza watu sita, unapita tani mbili. Muuzaji akasema, "Weka popote, hata baraza la juu." Baraza la juu! Ningemsikiliza, leo ningekuwa nazungumza na nyinyi kwa lugha nyingine kabisa. Fundi niliyemwita alitazama baraza lile, akatikisa kichwa, akanishauri nimwage zege uani, lenye unene wa sentimita 10, juu ya udongo ulioshindiliwa. Nimelimwaga. Lipo pale uani, limekauka, tupu.

Umeme ndio ulionitisha zaidi. Muuzaji aliniambia nichomeke kwenye soketi yoyote, kama pasi. Mimi nikainama, nikasoma kibandiko kilichobandikwa ubavuni mwa jakuzi hiyohiyo aliyokuwa ameiegemea: ampea 32. Soketi ya ukutani haijatengenezwa kwa mzigo huo. Inataka waya wake peke yake kutoka kwenye swichi kuu, na breka inayokata umeme mara mkondo unapovuja hata miliampea 30, kwa sababu humo ndani anakaa binadamu aliyelowa. Nilipomwonyesha kibandiko akasema, "Hayo ya mafundi, usiyatie kichwani." Ndugu Meneja, anayekwenda kukaa ndani ya maji hayo ni mama yangu. Nisiyatie kichwani?

Muda wa kupasha maji moto alisema ni saa moja. Hita yake ni ya kilowati 3. Kutoka nyuzi 20 hadi 38, lita 1,400, inataka karibu uniti 30 za umeme, yaani muda wa takriban saa kumi, na hapo mfuniko uwe umefungwa vizuri. Mfuniko wenyewe wa pale dukani ulikuwa umepinda katikati na sponji yake imeshakunywa maji. Nilijaribu kuunyanyua upande mmoja, ukanishinda. Kuhusu jeti, alinitajia 60 kana kwamba namba ndiyo dawa, nilipouliza zinasukumwa na pampu ngapi akanyamaza. Ni moja. Na kuhusu kubadilisha maji, akasema mara moja kwa mwaka inatosha. Kila ninachosoma kinasema kila miezi mitatu au minne, na katikati upime klorini, ile dawa ya kuua vijidudu, na pH, yaani kiwango cha uchachu wa maji, kwa vile vikaratasi vya kupimia, pH ibaki kati ya 7.2 na 7.8, la sivyo maji ya moto yanageuka makazi ya bakteria wa kuwasha ngozi na wa kuingia mapafuni. Kwa mzee wa miaka 71, mapafu si jambo la kuchezea.

Lakini hata hayo yote ningeyasamehe. Muuzaji anaweza kuwa mgeni kazini, anafundishwa. Lile la mama siwezi.

Naomba nilirudie, kwa sababu katika majibu yenu mmeliita "kutoelewana kidogo". Mama alijiandaa tangu asubuhi. Alipiga pasi nguo yake ya kuogea, nguo ya kuogea, akaikunja ndani ya taulo la bluu analolitunza la wageni, akaliweka kwenye mfuko. Dukani alisimama karibu dakika 20 kwa magoti yale, hakuna aliyemwambia keti. Akaona ukingo wa jakuzi, akauliza mwenyewe, "Mwanangu, naweza kukaa hapa kidogo?" Muuzaji alikuwa anatazama simu, hakujibu. Mama akakaa. Akalitoa taulo, akaliweka mapajani, akawa analinyoosha kwa kiganja. Ndipo yule kijana akainua macho na kusema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, "Bibi, shuka hapo. Hapa si bafu la watu wote." Mama akasema, "Nimeambiwa nije kujaribu, mwanangu." Naye, bila kumtazama, akamgeukia mteja mwingine, mwanamume aliyekuwa na mkewe, akasema, "Wapo wanaokuja kuoga bure halafu wanaondoka." Yule bwana akacheka kidogo. Mkewe akatazama chini.

Mama hakusema neno. Alilikunja lile taulo upya, pembe kwa pembe, kwa vidole visivyokunjika, akalirudisha mfukoni. Nilitaka kumsaidia, akanizuia mkono. Kisha akajaribu kusimama na magoti yakakataa. Aliyekuja kumshika ni dada wa usafi, aliacha ndoo yake, akaleta kiti cha plastiki kutoka ndani. Huyo dada simlalamikii, namshukuru, na naomba barua hii isimletee shida yoyote.

Wakati huo mimi nilikuwa nimeshika risiti ya kianzio mkononi. Nilimwonyesha muuzaji, nikamwambia sisi ni wateja wenye miadi na tumelipa. Akasema, "Kulipa kianzio siyo kununua." Nikasema basi nirudishieni. Akasema kianzio hakirudishwi. Kwa hiyo saa ya kukaa ukingoni sisi si wanunuzi, saa ya kudai pesa yetu tumeshanunua. Nieleze wewe, Meneja, lipi kati ya hayo mawili ndiyo sera ya kampuni.

Tangu siku hiyo mama hataki jakuzi itajwe nyumbani. Nikimwambia kuna duka lingine, ananijibu, "Acha, mwanangu, ndoo ya maji ya moto inatosha." Taulo la bluu amelirudisha kabatini chini kabisa, chini ya mashuka.

Madai yangu ni haya. Kianzio changu kirudi chote, bila makato ya "usumbufu wa ofisi" niliyotajiwa kwenye simu, ndani ya siku 14. Mama aandikiwe barua ya kuombwa radhi, kwa jina lake, isiwe ujumbe wa simu, na isitumie neno "kutoelewana". Nilipoanza kuandika nilikuwa na hayo mawili tu. Lakini kadiri ninavyoandika naona gharama ya zege, na ya fundi umeme aliyekwisha kuchimba mtaro wa waya, nazo ni zenu, kwa sababu niliziingia baada ya mtu wenu kunithibitishia kwa maandishi tarehe ya kujaribu na tarehe ya kuletewa. Nimeambatanisha risiti zote mbili pamoja na ujumbe wake.

Na huyo muuzaji asiendelee kuwaambia watu wachomeke jakuzi kwenye soketi ya pasi. Hilo silidai kwa ajili yangu. Kuna mtu atamwamini.

Nilipofika hapa nikampigia simu msaidizi wako, ili nisije nikakutumia barua kali kama jambo limeshatatuliwa. Akaniuliza, "Ni yule mama wa taulo?" Nikasikia mtu mwingine nyuma yake anacheka. Kwa hiyo sasa ni hadithi ya ofisini.

Siku 14 nilizoandika juu nimezifuta. Ni siku saba, kuanzia tarehe mtakayosaini kupokea barua hii. Siku ya nane nakala yake, risiti, ujumbe wa muuzaji wenu na picha niliyopiga ya kibandiko cha ampea 32 vitakuwa mezani kwa wakala wa kulinda haki za walaji, na wakili wangu atafungua madai mahakamani pamoja na fidia kwa kumdhalilisha mama hadharani. Mwanamke yule aliyetazama chini alinifuata nje kwenye maegesho, akanipa namba yake ya simu, akasema yupo tayari kueleza alichokiona.

Radhi mtakayomwomba mama iletwe nyumbani na mtu mwenye cheo, kwa mkono. Asitumwe yule kijana, na mama asipigiwe simu. Mama akipigiwa simu na duka lenu kabla ya hapo, hizo siku saba nazo zimekwisha.

Mteja wenu,
(jina, saini na namba ya oda vipo kwenye risiti ya kianzio niliyoambatanisha)