Barua kwa Mdogo Wangu Kuhusu Mwandishi wa Torquay

Torquay, Uingereza

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, Baba, Mama na wote hapo nyumbani Tanga. Mimi ni mzima wa afya na kazi zinaendelea vizuri. Barua yako nimeipata, na nimeirudia mara kadhaa pale unaposema kuwa unataka kuacha kazi ya duka la dawa ili utulie uandike riwaya yako ya upelelezi. Kabla hujamweleza Baba, naomba unisikilize, maana mji huu ninaoishi ndio aliozaliwa Agatha Christie, yule mwandishi wa riwaya za upelelezi, mwaka 1890, na uandishi wake ulianzia mahali kama hapo unapotaka kuondoka.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, jumba la manispaa la hapa Torquay liligeuzwa kuwa hospitali ya Msalaba Mwekundu. Christie alijitolea kuuguza majeruhi, kisha akahamishiwa chumba cha dawa, na mwaka 1917 akafaulu mtihani wa kutayarisha dawa. Kazi ile ilikuwa na siku za pilikapilika na alasiri za kukaa bure, naye katika saa hizo tulivu, akiwa amezungukwa na makabati ya sumu, ndipo alipoanza kutunga riwaya yake ya kwanza. Hata mpelelezi wake, Hercule Poirot, alimtoa karibu: Wabelgiji waliokimbia vita walikuwa wamepewa hifadhi hapa hapa mjini.

Kuna kisa kimoja ambacho wewe utakielewa kuliko wasomaji wengi. Alipokuwa akijifunza kazi, alipelekwa kwa mfamasia mmoja wa mjini, na siku moja akamwona mwalimu wake huyo akikosea nukta ya desimali, hivi kwamba dawa za kuingiza njia ya haja kubwa alizokuwa akitengeneza zikawa na nguvu mara kumi ya kipimo kinachotakiwa. Hakuthubutu kumsahihisha. Akajifanya amejikwaa, akaziangusha zote sakafuni na kuzikanyaga. Mtu huyo huyo alikuwa akitembea na kipande cha sumu ya mishale mfukoni, kwa sababu, alisema, kilimfanya ajione ana nguvu. Christie hakumsahau. Miaka zaidi ya arobaini baadaye, kumbukumbu yake ilimsaidia kutunga riwaya ya mwaka 1961, The Pale Horse, inayohusu sumu ya thaliamu. Maelezo ya kitabu hicho yalikuwa sahihi kiasi kwamba mwaka 1977, muuguzi mmoja wa London aliyekuwa akikisoma alizitambua dalili hizo kwa mtoto mdogo aliyeletwa kutoka Qatar, ambaye madaktari walikuwa wameshindwa kujua anaumwa nini, na mtoto akapona.

Usahihi wa namna hiyo haupatikani kwa kukaa mezani peke yake. Nasi tunaye Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, aliyekuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuwa mhariri na kutuletea mpelelezi wake, Bwana Msa.

Kuhusu fedha, nitakwambia wazi. Riwaya ile ya kwanza ilikataliwa na wachapishaji kadhaa. Ilipotoka mwaka 1920, baada ya kutakiwa aibadilishe sura ya mwisho, ilimpatia pauni 25 tu. Na unapolalamika kuwa nyumbani huna chumba cha kuandikia, fahamu kwamba naye kwa miaka mingi hakuwa nacho. Alitosheka na meza imara na taipureta. Mawazo aliyaweka katika madaftari ya kawaida, na yaliyobaki ni 73, ambamo orodha za sumu zimechanganyika na mahitaji ya nyumbani.

Sasa nije kwenye sura uliyonitumia. Mazungumzo ya wale wavuvi wawili yamenifurahisha sana, lakini marehemu anakunywa "sumu kali" na kuanguka papo hapo, jambo ambalo mtu yeyote angeweza kuliandika. Wewe unajua dawa gani huchelewa kufanya kazi, ipi ina uchungu unaohitaji kufichwa, na nani husaini kitabu cha dawa zinazodhibitiwa. Andika hayo. Ukishaiandika upya, nitumie pamoja na sura ya pili, na suala la kuacha kazi tulizungumze nitakapokuja likizo.

Wasalaam,

Kaka yako