Mzee Stanley wa Eyam mmemuacha wapi?

Mhariri, habari za kazi. Nimesoma makala yenu ya kijiji cha Eyam kule Derbyshire, Uingereza, kile kilichojifungia wakati wa tauni ili kisiambukize majirani, tamu kweli ila kuna sehemu imenikera na siwezi kunyamaza, maana mimi nakaa Sheffield na Eyam kwangu ni kupanda basi tu. Halafu jina lenyewe linatamkwa "Iim", mara ya kwanza nilimwambia dereva "Eyamu" akabaki ananitolea macho.

Mmeandika kama vile mchungaji William Mompesson aliamka asubuhi akasema hakuna kutoka, na kijiji kizima kikaitikia ndiyo baba. Jamani! Huyo alikuwa kijana wa miaka 28, kaingia 1664 tu, watu hawajamzoea na wengine hawamtaki kabisa. Waliyekuwa wanamsikiliza ni Thomas Stanley, mchungaji wao wa zamani, aliyepoteza kazi kwa kukataa sheria ya 1662 iliyotaka makanisa yote yafuate kitabu kimoja cha sala. Kwa serikali mzee huyo alishakuwa si kitu. Sasa hebu piga picha, umekalia kiti cha mtu halafu unamfuata kumwomba akusaidie kuongea na watu wake, na yeye anakubali! Juni 1666 wakasimama wote wawili, kijiji kikafungwa, kila familia ikazika wafu wake yenyewe, ibada zikahamia bondeni Cucklet Delf ili watu wasibanane kanisani.

Na hiyo tauni ilishakaa pale karibu mwaka, ilianza na mzigo wa vitambaa kutoka London uliomfikia mshona nguo, msaidizi wake George Viccars akaufungua akakuta una unyevu akauanika karibu na moto, viroboto wenye ugonjwa wakatoka, tarehe 7 Septemba 1665 akafa. Mpaka inaisha Novemba 1666 wameshakufa watu kama 260 kwenye kijiji kidogo vile.

Tena mngesema pia kwamba Mompesson watoto wake alishawatoa mapema kwenda Yorkshire. Simlaumu, ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo, na mkewe Catherine aligoma kuondoka akafa palepale Agosti. Ila mama Elizabeth Hancock hakuwa na pa kuwapeleka wanawe, alizika mume na watoto sita ndani ya siku nane, peke yake, kwa mikono yake. Nyinyi mama huyo mmempa nusu sentensi, Mompesson kapata aya tano.

Kitu ambacho makala haikugusa kabisa ni jiwe la mpakani, njia ya kushukia kijiji jirani cha Stoney Middleton. Ni jiwe la kawaida tu liko shambani, ungepita bila kuliona, lina vitobo sita juu. Wanakijiji walikuwa wanatia hela humo na siki ili kuua ugonjwa, watu wa nje wanaacha chakula wanachukua hela wanaondoka, hakuna kuonana. Nilichomeka kidole kwenye kitobo kimoja, kimelainika pembeni kama mdomo wa kinu cha zamani, ndani kuna maji ya mvua na senti za watalii. Mtoto wangu akataka kuzichukua, nikamwambia acha hiyo hela ya watu.

Jumapili ya mwisho ya Agosti wanakumbuka kila mwaka, mtumeni mwandishi wenu mwakani, mimi nitampokea stendi. Ila kwa sasa naomba toleo lijalo muweke jina la Stanley, hata kwenye kona ya masahihisho haina shida.

Msomaji wenu,
Sheffield